Swichi Nyuma ya Magunia

Nilipomaliza mtihani wa kidato cha nne, wakati matokeo bado hayajatoka, nilipata kazi kwenye mashine ya kusaga nafaka jirani na soko la Mlola. Mwenye mashine alikuwa binamu wa mama yangu, mtu mzima mwenye sauti ya taratibu, na mimi nilimwita mjomba. Kazi niliyopewa ilikuwa kupokea mizigo, kupima, kukumbuka nani katangulia kufika, na kufagia. Mashine yenyewe iliendeshwa na fundi, kijana aliyenizidi umri wa kutosha kuitwa kaka, ambaye alikuwepo tangu ilipofungwa na aliweza kujua kwa kusikiliza tu kama mahindi yanayopita ni makavu au la.

Sikuwa mwoga, wala sikuwa mtu wa kuogopa kuchekwa. Siku ya kwanza nilifika ushungi nimeuchomeka ndani ya kola ya sweta, kanga nimeiacha nyumbani, na chini ya gauni nimevaa suruali ya michezo ya shule iliyobana miguuni. Hakuna aliyeniagiza nivae hivyo. Nilikuwa nimeshaenda pale kusaga mara nyingi nikiwa mteja, na nilikuwa nimeuona ule mkanda mpana unaozunguka wazi kati ya mota na kinu. Nilijua kabisa kwamba chochote kinachoning'inia mwilini mwangu hakina ruhusa ya kuukaribia. Bibi mmoja kwenye foleni aliniuliza kwa Kishambaa kama nimekuja kusaga au kucheza mpira. Nikamjibu kwa adabu kwamba nitafanya vyote viwili, wenzake wakacheka, na tangu hapo wakanizoea.

Ilikuwa majira ya vuli. Mvua ya milimani ikishika, miti huangukia nyaya na umeme hukatika bila taarifa. Mvua hiyo hiyo huzuia watu kuanika vizuri, kwa hiyo walituletea mahindi yenye unyevu na makopa ya muhogo ambayo hayajakauka sawasawa, ya kupikia bada, ule ugali wa muhogo. Unga wa namna hiyo unaganda kwenye chekeche, lile bati lenye matundu lililomo ndani ya kinu, na fundi hana budi kufungua mfuniko, kuingiza mkono na kukwangua.

Mara ya kwanza umeme kukatika nikiwa kazini, fundi alifurahi. Alisema sasa ana nafasi ya kusafisha bila kupoteza muda. Akafungua mfuniko, akakunja mkono wa shati, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, kati ya vile vyuma vinavyogonga nafaka.

Mimi nilikuwa naufagia unga pembeni. Nikainua macho kutafuta swichi kubwa, ile ya mkono wa chuma ukutani. Sikuiona. Ilikuwa nyuma ya magunia ya pumba na mizigo ya wateja, yaliyopangwa juu kwa juu karibu yafike kwenye paa.

"Kaka," nikamwambia, "umezima swichi?"

"Nizime nini? Umeme si umeshakatika."

"Ukirudi je?"

"Umeme wa hapa ukikatika asubuhi haurudi kabla ya adhuhuri. Fagia, mdogo wangu."

Nyumbani kwetu bibi alikuwa na redio ambayo haizimi hata siku moja. Umeme ukikatika inanyamaza, ukirudi inaanza kusema kwa sauti ile ile iliyoachwa nayo, na mara moja ilimshtua mpaka akamwaga maziwa aliyokuwa anayaipua. Mota ya mashine haikuwa na kitu cha ziada cha kuizuia. Swichi ikiachwa imewashwa, umeme ukirudi inaanza kuzunguka papo hapo. Hilo halikuhitaji ufundi kulijua. Niliweka ufagio chini, nikapanda juu ya magunia nikitumia magoti na viganja, nikanyoosha mkono gizani mpaka nikaugusa ule mkono wa chuma. Ulikuwa mgumu. Niliuvuta kwa uzito wangu wote ndipo ukashuka.

Fundi aliniangalia kama mtu anayemtazama mbuzi aliyepanda mezani. Akaendelea kukwangua. Siku hiyo umeme ulirudi saa za alasiri, kama alivyosema, na ikambidi yeye naye apande magunia kwenda kuwasha. Alishuka akiwa mweupe kwa vumbi na amekasirika.

Kesho yake niliwahi kufika. Nikayaburuta magunia moja moja, nikayahamishia upande wa mlango wanaposimama wateja, mpaka ikapatikana njia ya mtu mmoja kutoka kwenye mashine hadi kwenye swichi. Nilikuwa najifuta jasho mjomba alipoingia, fundi nyuma yake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani kajaza magunia mlangoni?"

"Ni mimi. Nimefungua njia ya kwenda kwenye swichi."

"Wateja watasimama wapi? Mvua hii wakae nje?" Akatazama ile njia niliyoifungua, upana wa mabega yangu. "Yarudishe."

Nilisimama. Kwetu mtoto hajibizani na mkubwa, na mimi nililelewa hivyo, lakini nilishaamua tangu usiku nitasema nini, na niliona hakuna utovu wa adabu ndani yake.

"Mjomba, naomba unisamehe. Nitafagia, nitapima, nitabeba. Lakini swichi isipofikika, mimi ndani ya chumba hiki sitafanya kazi. Na kaka hapa, nikimwona anaingiza mkono, sitaweza kunyamaza."

"Kwa hiyo umekuja kunifundisha kazi."

"Hapana mjomba. Nimekuja kufanya kazi nirudi nyumbani nikiwa mzima."

Hakugomba, hakuwa mtu wa kugomba. Alisema tu kwamba kama ni hivyo nipumzike nyumbani kwanza. Fundi alikuwa ameinama akifunga kamba ya gunia ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

Nilimkuta mama kwenye tuta la karoti. Nilimweleza yote, tangu redio ya bibi mpaka magunia. Alisikiliza huku anang'oa magugu, kisha akauliza, "Ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Ulimjibu kwa sauti ya juu?"

"Hapana."

"Basi chukua jembe, tuta la pili lile bado." Na tukalima. Sikujuta hata kidogo. Nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyeshusha mzigo mlimani akauweka mahali pake. Nilikuwa na miaka kumi na sita, na nilikuwa nimegundua kwamba neno "hapana" linaweza kusemwa taratibu na bado likabaki hapana.

Siku ya gulio fundi alikuja kunifuata. Alisimama pembeni ya shamba, viatu vimejaa tope, akamwamkia mama, akaniambia foleni imefika barabarani, watu wanagombania zamu, na yeye hawezi kupima na kusaga kwa wakati mmoja. "Mzee amesema magunia yakae unavyotaka wewe," akamalizia, akiangalia miti.

Nikanawa miguu tukaenda.

Tulifanya kazi vizuri. Njia ilikuwa wazi, magunia yamehamishiwa barazani na kufunikwa turubai. Nikamsimulia habari ya redio ya bibi, tukakubaliana, mimi na yeye, kwamba mfuniko haufunguliwi kabla mmoja wetu hajaishusha swichi, iwe umeme upo au haupo. Alikubali kwa shingo upande. Mara nyingi ni mimi niliyeenda kuishusha, yeye akisubiri huku amekunja mikono kifuani.

Ikapita muda kidogo. Asubuhi moja yenye ukungu mzito, wa kutoona hata duka la ng'ambo, mama mmoja alileta makopa mabichi kabisa. Fundi alimwambia yatatusumbua, mama akasihi kwamba ana wageni, tukaanza. Hayakufika nusu kinu kikaanza kuguna. Kabla fundi hajafanya lolote, taa ikazimika na kila kitu kikanyamaza. Umeme umekatika.

Nikaenda ukutani nikaishusha swichi. Nikabaki nimesimama hapo hapo. Fundi akafungua mfuniko, akaingiza mkono. Unga ulikuwa umeganda kama udongo wa kufinyangia, na alikuwa anahema akikwangua huku bega limeegemea chuma.

Taa ikawaka.

Haikuwa adhuhuri wala alasiri. Yule mama hakuwa hata amemaliza kulalamika. Balbu iliyokuwa juu ya vichwa vyetu iliwaka, na kwenye kibanda cha kinyozi jirani muziki ukarudi katikati ya wimbo. Mkono wa fundi ulikuwa ndani mpaka juu ya kiwiko. Mota ilikuwa kimya. Mkanda umetulia. Mimi nilikuwa nimeshika ule mkono wa chuma, umeelekea chini, na niliubana kana kwamba unaweza kupanda wenyewe.

Fundi hakuutoa mkono haraka. Aliiangalia balbu, akaiangalia mota, akaniangalia mimi. Kisha akautoa polepole, akautazama pande zote mbili, vidole vyote vimepakwa unga. Akatoka akakaa barazani juu ya gunia. Nilimpelekea maji kwenye kikombe. Aliyanywa yote.

"Redio ya bibi yako," akasema baadaye, "mwambie asiizime kamwe."

Mjomba alipokuja, fundi ndiye aliyemweleza. Alieleza kwa Kishambaa, haraka haraka, bila kujificha, na alipofika kwenye balbu alinyanyua mkono wake hewani akauzungusha kumwonyesha. Mjomba alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akaja moja kwa moja hadi kwenye swichi kwa ile njia niliyoifungua, akaipandisha, akaishusha, akaipandisha tena, akaishusha. Akapapasa pembeni yake kwa kidole.

"Hiki kitundu ni cha nini?" akauliza.

Fundi akasogea kuangalia. Kwenye mkono wa swichi kulikuwa na tundu, na kwenye boksi tundu jingine, na mkono ukiwa chini matundu hayo yalilingana. Tulikuwa tumeyatazama kila siku bila kuyaona. "Ni la kufuli," fundi akasema. "Mtu anafunga asije mwingine akawasha."

Mjomba alitoa kufuli la stoo yake siku ile ile. Ufunguo akaukabidhi kwa fundi na kumwambia kwamba anayeingiza mkono ndiye anayekaa na ufunguo mfukoni, si mwenye mashine wala mtu mwingine. Kisha akageuka kwangu.

"Na nini kingine unachokiona hapa?"

Lilikuwa swali la kweli, na nililijibu kama swali la kweli. Nikamwonyesha mkanda ulio wazi, na mahali ambapo akina mama husimama wakiwa na watoto mgongoni na ncha za kanga zinapepea. Nikamwambia fundi anakohoa sana jioni na mimi pia nimeanza. Aliitikia kwa kichwa. Wiki hiyo mchomeleaji alitengeneza wavu wa chuma wa kufunika mkanda, na kizuizi cha mbao kikapigwa kuwatenga wateja na mashine. Barakoa tulinunuliwa, tukazivaa, wateja wakazoea kusema nasi kwa ishara. Mjomba hakuwahi kuniomba radhi kwa maneno, wala sikumtarajia afanye hivyo. Alianza kuniita "fundi mdogo" mbele ya watu, na hilo lilinitosha sana.

Matokeo yalipotoka, nilichagua chuo cha ufundi na kusomea umeme. Watu wengine wa ukoo walishangaa, mjomba hakushangaa. Leo nafunga umeme majumbani na kwenye karakana za Lushoto, na nimeshapanda ngazi katika vijiji vingi kuliko ninavyoweza kuvitaja. Kazi naipenda, na naijua.

Hivi karibuni niliitwa kwenye karakana ya mbao upande wa Magamba kufunga mashine mpya, msumeno wa duara. Mwenye karakana alikuwa na vijana wawili wa kazi za likizo, mmoja msichana mfupi mwenye macho makali. Nilimwambia mwenye karakana mbele yao kwamba msumeno wa duara wasiuguse mpaka watimize miaka kumi na minane, na kwamba sheria iko wazi. Alisema wao wanafagia maranda na kupanga mbao tu.

"Hata anayefagia yumo chumbani," nikamwambia. "Lazima ajue pa kuzimia, na afike."

Yule msichana akauliza, "Dada, nikizima bila kutumwa, na fundi akakasirika?"

Nikamtazama mwenye karakana, nikasubiri. Akajikuna kidevu. "Zima," akamwambia. "Akikasirika aje kwangu."

Nikachukua penseli. Nikamwambia msichana asimame kando ya ukuta, anyooshe mkono bila kuinua kisigino, nikachora alama pale vidole vyake vilipofika, kisha nikaanza kutoboa matundu ya kufungia swichi.