Pete ya Maganda ya Baba Mkubwa

Juzi nilipita Naviundu, mtaa niliokulia, nikakuta karakana ya kambo imegeuzwa stoo ya simenti. Kambo ni babu yangu, mstaafu wa reli. Nilisimama pale barabarani kama mtu aliyesahau alichofuata, na upweke ukanishika, rafiki yangu, upweke hasa.

Kama umeishi na watu wa reli, unajua hawatupi chuma. Kambo alikuwa mwindaji, na maganda ya risasi alizokwisha kupiga aliyajaza tena mwenyewe kila kiangazi. Kwanza shingo ya ganda ilibidi ibanwe kwa pete ya chuma, ili ishike risasi mpya. Pete zilijaa kwenye kopo la maziwa, zote zikifanana machoni, tofauti zake ni unywele tu. Ikibana mno, shaba ya ganda inachoka na kupasuka. Ikilegea, risasi inacheza.

Karakana ilinuka mafuta ya mashine, na moshi wa samaki wa jirani. Bibi alikwishafariki, tulibaki wawili nyumbani. Mimi, msichana mdogo, nilimsomea kipimo, maana macho yake yalikuwa yameanza ukungu.

"Usipime ile tupu, itakudanganya," alisema. "Pima ile iko na risasi mu shingo, njo utafute pete inayoipunguza kidogo."

Mwishoni tulitoa mfuko wa maganda ya baba mkubwa, mwanawe wa kwanza, aliyehamia Pweto kuuza samaki. Yalikuwa manene shingoni, yakataka pete pana zaidi. Tuliyabana shingo peke yake, maana ganda likishapigwa hushika umbo la bunduki yake, na yale yalikuwa ya bunduki ya baba mkubwa, hayangefaa katika nyingine. Tulijaza machache, tukayapanga kwenye boksi.

"Kiangazi hiki atakuja, tutaenda naye porini," kambo alisema.

Hakuja. Kiangazi kilichofuata tukachagua pete tena, na kingine tena. Kila gari liliposimama nje nilitoka kuchungulia. Nilimchukia baba mkubwa kwa kumngojesha mzee wa watu.

Alikuja kwenye kilio cha kambo. Nikamkabidhi boksi, nikitaka aone haya. Alilifungua, akayatambua maganda yake.

"Ile bunduki niliuzishaka zamani, mama," aliniambia. "Papa alijuaka. Miye mwenyewe nilimwambiaka, mwaka ule nilihama."

Kumbe kambo hakuwa akimngoja mtu. Maganda yake mwenyewe yalikwisha mapema, na bila kazi nyingine ningeenda zangu kucheza, naye angebaki na nyumba tupu. Ya baba mkubwa yalimpa alasiri nzima ya kukaa na mimi.

Siku hizi alasiri ninazo nyingi, na hakuna anayenibunia kazi ili nisiondoke.