Jani la Isale, Wadi Kabir

Mke wangu Restituta alipigwa nyundo begani mwaka 1998, ndani ya gereji ya Wadi Kabir. Nyundo haikuwa yake. Nitaeleza ilivyomfikia.

Tulitoka Rombo mwaka 1993, tukavuka bahari kutafuta kazi kwa Waarabu. Yeye alimpikia Bi Zakiya huko Al Khuwair, mimi nilitunza bustani hapo hapo. Ijumaa, siku ya mapumziko kule, tulikwenda misa, kisha tukala chumbani kwa Leodegar, mdogo wake Restituta wa tumbo moja. Leodegar alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari kwenye gereji hiyo ya Wadi Kabir. Mkono mzito, hasira karibu. Rafiki yake alikuwa Josphat, Mkenya, mpaka rangi wa gereji ile. Mlokole. Kila ukurasa wa Biblia yake ulikuwa na alama za vidole vya rangi.

Ijumaa moja wali ukiiva, Josphat alisema Mungu alidai damu ndipo asamehe, na akapewa damu. Nyekundu, ya kweli. Restituta akasema damu ile ni alama ya mapenzi yake. Mungu si mchinjaji.

"Mama, alama haiokoi mtu," Josphat akasema. "Nikikuchorea wali, utashiba?"

Tulicheka. Leodegar hakucheka.

"Kwetu," Restituta akasema, "hata ukimuua ndugu ya mtu, unampelekea jani la isale. Akiliona hawezi kukataa kukusamehe. Na jani halina damu."

"Ndiyo maana Wachaga hamchoki kukosea watu. Majani mnayo mengi."

Yaliyofuata aliniambia Leodegar mwenyewe. Jumamosi kazini Josphat alichuma jani la mwarobaini, akamwekea juu ya bampa. "Nisamehe, Mchaga." Baadaye akaleta la pili. La tatu lilipowekwa, Leodegar alimpiga nyundo usoni. Jicho la kushoto lilipasuka. Damu iliruka kwenye mlango wa gari uliopakwa rangi nyeupe asubuhi ile, ikakauka nayo.

Mwenye gereji, Bwana Thani, akauliza, "Nani kampiga mwenziwe? Nnataka kweli."

Josphat, kiganja kimefunika shimo la jicho, akasema ni springi iliyoruka.

Hospitali Restituta alimwuliza kwa nini amedanganya.

"Polisi watamrudisha kwao na macho mawili," akasema. "Mimi nataka langu hapa. Damu kwa damu, mama. Si alama."

Leodegar akaacha kula. Wiki ya pili aliweka kidole gumba juu ya chuma, akakiponda mwenyewe, akampelekea Josphat kikivuja. Josphat alikitazama kwa jicho moja.

"Hicho umejipiga. Mimi sijachukua kitu."

Restituta alimzaba Leodegar kofi kwanza, ndipo akakifunga kile kidole. "Damu ilimwagwa mara moja, msalabani," alimwambia. "Wewe unaongeza ya nini? Haikutosha?"

Njiani nilimwambia Restituta, sasa na wewe unasema damu ya kweli. Akanijibu, "Nimechoka, baba. Usiniulize."

Bi Zakiya alikuwa na isale kwenye chungu barazani. Yeye alijua ni pambo. Restituta akamwomba jani moja.

"Kata, ila usinimalizie mti wangu. Wenda nalo wapi?"

"Kuomba radhi, Bi Zakiya."

"Kwa jani? Haya mwanangu."

Restituta akalifunga fundo, kama tunavyofunga kwetu.

Tulikwenda gerejini watatu, Alhamisi mchana, wengine wamekwenda kula. Josphat alikuwa peke yake, anapiga msasa. Leodegar alipiga magoti, akamnyooshea jani kwa mikono miwili.

Hapo ndipo tulipokosea. Mtu wa Rombo angeliona angekaa chini alie. Josphat hakuwa wa Rombo. Aliona lile jani lake la utani. Alidhani anachekwa tena, na mara hii jicho halipo.

Aliokota nyundo. Leodegar hakukimbia. Aliuinua uso, akafumba macho. Alikuwa anataka. Restituta akaingia katikati, nyundo ikamshukia yeye. Nikiwa mlangoni nilisikia mfupa, kama muwa unavunjwa gotini. Alianguka juu ya nduguye, damu ikaenea kwenye blauzi ya misa.

Josphat akainua nyundo tena. Restituta akasema kutoka chini, "Bado?"

Neno hilo tu. Nyundo ikaanguka. Josphat akatapika kati ya mikebe ya rangi. Mimi nilimpiga. Nilimpiga mpaka ngumi zikachanika na meno mawili yakamtoka. Hakuinua mkono. Leodegar ndiye aliyenishika.

Kwa daktari tulisema Restituta ameanguka ngazini.

Mkono wake wa kulia haukupanda tena kupita kifua. Ishara ya msalaba alifanya kwa wa kushoto. Bi Zakiya hakumfukuza, alimpa kazi ya kuchambua mchele na mboga zilizotoka soko la Mawaleh. Josphat alikuja kila Ijumaa. Alipika yeye, Restituta akimwelekeza: punguza moto, ongeza chumvi. Habari ya damu hawakuizungumza tena. Leodegar alikula naye sahani moja. Mimi nilikula nimempa mgongo. Miaka sita.

Restituta alifariki mwaka jana, 2004. Daktari alisema ni figo, bega halihusiki. Nilimsikia daktari.

Juzi nimefungua mlango, Josphat yuko pale. Ameshika jani la isale. Bi Zakiya kampa. Limefungwa fundo, fundo baya, la mtu asiyefundishwa. Alipiga magoti mbele ya viatu vyangu, mtu mzima, nywele zimeingia mvi.

Ule mfupa bado nausikia. Kama damu ni damu au ni alama, mimi sijui, darasa sikukaa. Restituta angejua, au angesema amechoka.

Lakini isale halirudishwi. Nimelipokea kwa mikono miwili. Nikalifungua fundo, nikalifunga vizuri.

"Ingia," nikamwambia. "Wali unaungua."