Sanda ya Bibi Juu ya Gari

Sanda aliyojiwekea bibi, aliyokuja nayo kutoka Unguja, ilipotea njiani tulipohama Ruwi kwenda mji wa Sib, na sababu ni mimi. Leo nimenusa kamba ya usumba dukani, nikakumbuka kasha dogo la sanda hiyo, alilotaka kulipakata garini.

“Nipakate mimi, bibi! Nataka dirishani,” nilideka.

“Bi mkubwa mzima kupakatwa!” alinicheka mjomba, dereva wetu.

“Muache mjukuu wangu,” alisema bibi. “Kasha lifunge juu. Mie nnaona halina neno.”

Tulipofika, juu palikuwa na kamba tu, imelegea. Mjomba alirudi hadi Ruwi, asilione. Bibi alizikwa kwa sanda ya dukani. Hakunilaumu hata siku moja, wala sijui kama alinisamehe.