Dakika Nane Mbele ya Mama Mkwe

Naanza kwa kukiri ili mtu asije akasema nimeficha: yule jamaa wa Majengo, Mpanda, aliyefungwa kitenge kiunoni na mama mkwe wake, mchana kweupe, mbele ya watu wa Kibaoni, ni mimi. Deo. Zile habari kwamba nilikuwa nimelewa si za kweli, na ningefurahi zingekuwa za kweli, maana mlevi angalau anasamehewa.

Mjue kwanza kwamba nilikuwa nasubiri jibu. Barua ya posa ilikuwa imeshafika kwa kina Ansila huko huko Kibaoni, mshenga wangu mzee Gervas aliipeleka kwa mkono wake pamoja na picha yangu ya pasipoti (nimevaa koti la kaka, nimenyoa ndevu, sicheki), wakasema jibu litatoka Jumapili. Mimi mwenyewe pale nyumbani sikuwahi kufika, ila Ansila aliwahi kunionyesha mama yake sokoni kwa mbali akaniambia, "Mama ndiye yule. Siku mkikutana barabarani, wewe pita njia nyingine, ana mambo ya zamani." Kwao mtu na mkwewe wanaogopana pande zote mbili: hawali pamoja, hawapeani mkono, na mkwe haonyeshwi mgongo (nasema mgongo kwa heshima, nyie mmeelewa). Nikauliza, hata kwa bahati mbaya? Akasema hata kwa bahati mbaya.

Sasa Jumamosi, siku moja kabla ya jibu, kukawa na mashindano ya pool Kibaoni. Mwandaaji alikuwa Saidi, mwenye duka la vipuri, ambaye alikuwa ameona kwenye televisheni watu wanacheza snooker (ndugu yake pool) ya mbio mbio kwa sheria zilizobadilishwa, akaamua na sisi tucheze hivyo. Mchezo mmoja tu, dakika nane, ukifungwa unaenda kwenu. Kila pigo una sekunde kumi, zikiisha ni kosa, na ukikosea mwenzako anauokota mpira mweupe anauweka anapotaka yeye. Kelele ruksa, na sekunde tano za mwisho za kila pigo watazamaji wanazihesabu kwa sauti. Zawadi ilikuwa plau la kukokotwa na ng'ombe, jipya, bado na rangi yake. Nikawaza, mtu akishinda plau Jumamosi, nani atamnyima binti Jumapili? Nikapanda gari kutoka Mpanda alfajiri, nikang'atwa na mbung'o njia nzima, na sikumwambia Ansila.

Meza waliiingiza kwenye ghala la mahindi lililokuwa tupu. Sijisifu, lakini sheria zile zilinifaa, kwa sababu wenzangu walikuwa wamezoea kuzunguka meza, kupaka chaki, kufumba jicho moja, na mimi huwa sifikiri kabisa. Kufika saa saba nilikuwa nimeingia fainali na Nestori, fundi baiskeli wa Katumba, mtu mpole ambaye anaomba radhi kila anapoingiza mpira.

Fainali ikaanza vizuri. Dakika ya kwanza nikaingiza mitatu. Ya pili, Saidi akatangaza kwamba mgeni rasmi gari limemharibikia njiani, kwa hiyo plau litakabidhiwa na mwenyekiti wa akina mama waliokuwa wanatupikia wali pale nje. Akaingia mama mmoja anajifuta mikono kwenye kitenge, akawekewa kiti cha plastiki hatua mbili kutoka kwenye meza. Alikuwa mama Ansila.

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Zamu ilikuwa yangu, saa inakimbia, nikajiambia nitamsalimia baadaye, kwa sasa najifanya sijamwona.

Ila fikirieni hesabu yenyewe. Nikiinama upande wa mbele yake tunatazamana, na mtu uliyetazamana naye usimsalimie ni dharau. Nikiinama upande wake, mgongo. Kwa hiyo nikaanza kuchagua mipira kwa kuangalia kiti cha mama kilipo badala ya shimo lilipo. Nikapiga kwa mkono wa kushoto, ambao haujui lolote. Nikapiga nimesimama wima kama askari wa gwaride, fimbo iko kifuani. Baada ya kila pigo nikawa narudi kinyumenyume mpaka ukutani, nimeubana mgongo kwenye matofali, Nestori acheze. Mwalimu Joji, refa wetu, mwenye filimbi na simu ya kupimia muda, akaniuliza taratibu, "Deo, una jipu?"

Nikasema sina.

Kumbe mama ananiangalia. Ni mama mwenye huruma, nalisema hili bila kinyongo. Akamwinamia mwenzake akasema, kwa sauti anayodhani ni ya chini, "Kijana wa watu suruali imempasukia." Ghala zima likapata habari kabla sijapaka chaki. Watu wakaanza kuhama upande kuja kuona. Jamaa mmoja akapaza sauti, "Geuka basi tupime hasara!" Na njia ya kuthibitisha kwamba suruali yangu ni nzima ilikuwa moja tu, nayo ndiyo ile iliyokatazwa.

Mama akavua kitenge cha juu (alikuwa amevaa viwili), akainuka kunifuata. Nikaenda upande wa pili wa meza. Naye akaja. Nikazunguka. Akazunguka, anasema, "Simama baba, usione aibu." Nikapiga mpira huku natembea, ukaingia, watu wakashangilia, nikazunguka tena. Nestori akasogea kando kutupisha, akaomba radhi.

Ikabaki chini ya dakika moja. Mipira yangu imeisha, ya Nestori imeisha, umebaki mweusi tu, na zamu ni yangu. Mweusi umekaa mdomoni mwa shimo la kona, mtoto mchanga angeuingiza, ila mweupe uko katikati kabisa na njia ya kuufikia ni moja: kulalia meza tumbo zima. Nikatazama nyuma. Mama hayupo. Nikashukuru Mungu, nikalala.

Hakuwepo kwa sababu alikuwa ameinama anaokota kitenge kilichomdondoka.

"Tano!" ghala likapiga kelele. "Nne!" Nikahisi mikono kiunoni. Mikono ya mama mkwe, nyie. Anazungusha kitenge, anavuta, anatafuta pa kufunga fundo, ananiambia kwa upole, "Tulia baba, sisi wote wazazi." "Tatu!" Mweusi nauona, shimo naliona, plau naliona limesimamishwa pale mlangoni. "Mbili!" Nikaiachia fimbo, nikageuka, nikachuchumaa chini kama inavyotakiwa, na kitenge kinaning'inia, nikasema, "Shikamoo mama. Mimi ndiye Deo. Wa barua."

"Moja!" Filimbi. "Kosa," akasema Mwalimu Joji.

Mama alinitazama kwa muda kama mtu anayelinganisha sura na picha. Halafu akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, akaanza kutoka kinyumenyume, maana na yeye hawezi kunipa mgongo, hatua kwa hatua mpaka mlangoni, na watu wote wakampisha. Nestori akauweka mweupe karibu, akauingiza mweusi polepole, akaja kunipa pole ya kweli kabisa, na hiyo pole ndiyo iliyoniuma kuliko yote.

Jumapili jibu halikutoka. Jumapili iliyofuata halikutoka. Ansila hakupokea simu, akanitumia ujumbe mmoja tu: "Nilikuambia upite njia nyingine." Nilikosa hamu ya kula. Nilikuwa nimekwenda kutafuta plau ili nimpate yeye, na usiku nikilala nilikuwa naona nimevikosa vyote viwili kwa uzembe wangu, na sikuwa na wa kumlaumu.

Jumapili ya tatu mzee Gervas akarudi kutoka Kibaoni. Akakaa, akaomba maji, akayanywa yote, akaomba mengine. Ndipo akasema wazee wa kule walikaa kikao. Mmoja alisema kijana alimwelekezea mkwe mgongo. Mwingine akajibu kwamba mkwe naye alimshika kijana kiuno. Wakabishana mpaka jioni, mwisho wakaona makosa yametoshana, yafutwe.

"Kwa hiyo?" nikauliza.

"Binti wanakupa," akasema mzee Gervas. "Ila mama yake ametuma neno. Anasema ungemsalimia alipoingia ukajitambulisha, angekujua, angetoka nje akaendelea na wali wake. Anasema kijana tumfundishe kusalimia."

Nilifurahi mpaka nikalia, siwafichi. Halafu nikachukua simu nikapima. Shikamoo, marahaba, na jina langu juu yake, ni sekunde nne. Mimi nilipewa kumi.

Pool sijaigusa tena, na sitaigusa. Na siku hizi nikiingia mahali, hata nyumba iwe inaungua, nasalimia kwanza, mmoja mmoja, ndipo naulizia maji yako wapi.