Lazaro Aliyegoma Kufufuka

Mama mkubwa wangu Modesta alikuwa na sauti. Kama ilikuwa nzuri au kubwa tu, watu wa Bigwa hawakuwahi kukubaliana. Kila asubuhi alipita na beseni la vitumbua kichwani akinadi, na mbwa wote wa mtaa walimwitikia. Wasio na saa walimshukuru kwa kuwaamsha. Wenye saa walivuta shuka wakanung'unika, kisha wakatoka kununua vitumbua.

Mtu mmoja tu hakuwa na shaka yoyote: Bibi Anastasia, mama yake mzazi, aliyeishi Kinole huko juu mlimani. Enzi zake bibi alikuwa mwimbishaji wa ngoma, na siku Modesta, bado msichana, alipofungua mdomo kuitikia wimbo wa kilio, bibi aliisimamisha ngoma nzima. "Modesta, kaa chini," akamwambia mbele za watu. "Una sauti ya mbuzi aliyefungwa kamba fupi."

Modesta akakaa chini. Baadaye alishuka mlima, akaolewa Bigwa, akazaa, akafiwa na mume, akawa kiongozi wa kwaya ya kanisa letu la kigango. Lakini moyoni alikuwa bado amekaa pale chini, na aliniambia hivyo mwenyewe huku akikoroga unga wa vitumbua. Nilimwonea huruma sana, ingawa, niseme kweli, mbuzi alikuwamo.

Bibi alikuwa ameshazeeka, miguu haimtii, hawezi kushuka kuja kumsikia. Ndipo zikaja redio. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa, na sisi tuliozoea kupanga foleni ya sabuni tukaanza kubanana madirishani kutazama redio za Dubai. Mwenye duka moja la redio mjini, kwa kutaka duka lake lijulikane, akatangaza mashindano ya kwaya. Washindi watapewa redio-kaseti, tena watapelekwa Dar kurekodi kaseti yao.

"Nitaipandisha redio mpaka Kinole," Modesta akatangaza mazoezini. "Nitaiweka mapajani mwa mama, nitabonyeza, halafu nitanyamaza."

Hapo ndipo nilipojua kwamba hatanii. Modesta kuahidi kunyamaza si jambo dogo.

Tishio letu lilikuwa kwaya ya Mafiga. Kiongozi wao, Oscar, fundi wa kiwandani, alikuwa na kinanda cha umeme chenye kitufe: ukibonyeza, ngoma inajipiga yenyewe. Modesta alisema ngoma inayojipiga yenyewe ni mambo ya wachawi, lakini usiku hakulala. Kesho yake akavamia marobota ya mitumba sokoni akarudi na kofia kwa kila mwanamke wa kwaya, zile ambazo Wazungu huvaa harusini. Ya kwake ilikuwa na manyoya pembeni, pana kama kuku anayeatamia. Mimi nilipewa yenye tundu.

Wimbo alitunga mwenyewe, habari za Lazaro. Tunaanza na kifo, dada zake wanalia, halafu Modesta anaita, "Lazaro, toka nje!" na sisi tunaitikia, "Ametoka!" Ulikuwa wimbo mzuri. Tatizo lilikuwa Hafidhi.

Hafidhi aliuza machungwa pale njia panda. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani tangu huko mlimani, na utani wa Waluguru una sheria. Mtani akikufanyia kituko, huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika, mwenye makosa ni wewe. Na mtani akilala mbele yako akasema amekufa, utamlilia mpaka akinai, kisha utampa kitu, ndipo ainuke. Wiki chache kabla ya mashindano, Hafidhi alifiwa na mjomba wake. Modesta alikwenda matangani, akavaa kanzu na kofia ya marehemu, akazunguka uani akichechemea kama yeye na kuuliza kwa nini chai haina tangawizi. Waombolezaji walicheka mpaka wakashikana mabega. Hafidhi alicheka pia, akifuta machozi.

"Umenipata, mtani," alisema. "Zamu yangu inakuja."

Modesta alisahau. Hafidhi hakusahau.

Siku ya mashindano uwanja wa shule ulifurika, hata watu wa mlimani waliacha ndizi zao sokoni wakaja. Mafiga walitangulia. Oscar alibonyeza kitufe chake, ngoma ikajipiga, watu wakapiga mayowe. Jaji mkuu, mwalimu mmoja wa muziki kutoka Dar aliyevaa tai kwenye jua lile, akaandika huku anatabasamu. Mezani alikuwa na kengele: kila kwaya ina dakika kumi, ukizidisha unakatwa alama.

Tukapanda sisi kwenye baraza la darasa. Tukamwua Lazaro vizuri, dada zake wakalia vizuri, hata jaji akaacha kujipepea. Modesta akavuta pumzi aite, na wakati huohuo Hafidhi akapenya kwenye umati, akajilaza chali miguuni pake na kufumba macho.

"Nimekufa," akasema. "Mtani, nililie."

Kuna kitu kimoja sina budi kukieleza. Hafidhi ni Mwislamu, hakuwahi kuusikia wimbo wetu, hakujua kabisa kwamba tumefika kwenye kaburi la mtu. Alilala tu pale alipopaona panafaa. Lakini Modesta alikuwa ameshavuta pumzi, na pumzi ile ikatoka.

"Lazaro, toka nje!"

"Ametoka!" tukaitikia.

Hakutoka. Uwanja ukalipuka kwa kicheko. Modesta akaita tena, kwa ukali zaidi, nasi tukaapa tena kwamba ametoka, na Lazaro akajikuna tumbo na kubaki palepale. Sauti ya kwanza wakaanza kucheka. Besi wakageukia ukutani. Mimi niliing'ata kofia yangu.

Modesta akainama. "Hafidhi, inuka, tuko mashindanoni."

"Maiti haendi mashindanoni."

"Nakuomba, mtani. Kaseti ya mama!"

"Marehemu hasikii."

Jaji akasimama kuuliza kama kuna daktari. Mzee mmoja akamwambia ni mtani tu, akae. Jaji akakaa, akagonga kengele.

Nilimwona Modesta anatazama kengele, anatazama maiti. Angeweza kumruka aendelee, na jaji angempa alama zake. Lakini watu wa mlimani walikuwa wamemkazia macho, na mtani haachwi bila kuliliwa hata kama mbele yako kuna redio. Basi akapiga magoti. Akauacha wimbo wetu, akaanza kumlilia Hafidhi kwa Kiluguru, kilio kilekile cha ngoma alichoambiwa akae chini asikiimbe. Mbuzi akatoka mzima mzima, kamba imekatika. Kicheko kikakoma. Nyuma huko kina mama wakaanza kuitikia, na sisi tukaitikia, na hata watu wa Mafiga, ambao hawajui neno moja la Kiluguru, wakapiga makofi. Machozi yakanitoka bila kujua nalia nini.

Mwishowe Modesta akavua kofia yake ya manyoya na kumfunika nayo uso. Hafidhi akakaa, akaivaa, akaruka juu na kucheza.

"Ametoka!" uwanja mzima ukaitikia. Kengele ilikuwa inagongwa muda wote huo, lakini aliyekuwa akiisikia ni jaji peke yake.

Tulishika mkia. Jaji alieleza kwamba tumezidisha muda, na tumetumia marehemu asiyeandikishwa. Mafiga wakachukua redio na safari ya Dar. Modesta alikwenda nyuma ya darasa akalia kweli, si kilio cha utani. Hafidhi akamfuata na kofia kichwani, amenywea.

"Mtani, umekasirika?"

"Sijakasirika!" akapiga kelele mpaka kunguru wakaruka kwenye paa.

Siku ya pili yake Oscar akaja Bigwa na redio mpya kwapani. Alikuwa amerekodi kwaya yake ili asikilize makosa, akasahau kuizima mashine yake, na sisi tukaingia mwishoni mwa kaseti.

"Dada Modesta, nilitaka kuwafuta," akasema. "Mke wangu kakataa. Anairudia tangu jana. Chukueni na redio, mtairudisha mkishuka."

Tulipanda Kinole watatu: Modesta, mimi, na Hafidhi amebeba redio, kwa kuwa Modesta alisema maiti wake ataibeba mwenyewe. Bibi Anastasia tulimkuta barazani anachambua maharage.

"Shikamoo bibi," nikasema.

"Marahaba, mke mwenzangu. Hilo sanduku la nini?"

Modesta akaliweka mapajani mwake, akabonyeza, akanyamaza. Kaseti ikaimba. Bibi alisikiliza bila kutikisa hata ukope, mpaka kilio kikaisha na uwanja ukalipuka.

"Maiti ni nani?"

"Mimi, bibi," akasema Hafidhi.

"Umekufa vizuri. Na anayelia?"

Modesta akakaa chini, macho kwenye redio. Nikasema, "Mama mkubwa."

Bibi akachambua maharage kidogo. "Mbuzi yuleyule," akasema.

Modesta akainamisha kichwa. Nilitamani kulitupa lile sanduku mtoni.

"Rudisha," akasema bibi.

Tukarudisha. Akasema tena rudisha. Tukarudisha mpaka mabetri yakaishiwa nguvu, sauti ya Modesta ikazama, ikawa ya mwanaume mlevi, ikakatika. Bibi akaipiga redio kofi.

"Yatoe hayo mabetri, yaanike juani yapate moto," akamwamuru Hafidhi. Kisha akasogeza ungo wa maharage pembeni, akamgeukia binti yake.

"Na wewe umekaa chini unangoja nini? Simama uimbe."

Modesta akasimama.