Miche Myeupe ya Wifi Tusajigwe

Wifi yangu Tusajigwe, mama yake Matilda, ni mtu wa kufunga fundo mara mbili. Hata akinisaidia kumbeba mwanangu mgongoni, anafunga kanga, anaivuta, halafu anafunga tena. Kwa hiyo siku Bwana Bartolomeo alipomwambia mbele ya vibarua wote kwamba amechanganya mifuko, mimi nilijua pale pale kuwa amekosea mtu.

Ilikuwa mwaka sabini na tano. Tulifanya kibarua kwenye shamba moja la mbegu karibu na Uyole. Bartolomeo alikuwa msimamizi, kijana aliyesomea Iringa, kalamu tatu mfukoni. Kati ya mahindi yake yalikuwepo mengine yenye majani ya milia, kijani na nyeupe, naye alitaka kujua milia ile inarithiwa vipi. Tusajigwe ndiye aliyeyapandisha. Alifunika hindi changa kwa mfuko wa karatasi kabla halijatoa ndevu, akafunika na mbelewele, ua la dume lililo kileleni mwa shina, kisha asubuhi akakung'uta unga wa mbelewele na kuunyunyiza kwenye ndevu za hindi alilopangiwa. Upande mmoja mama, shina la kuzaa hindi, alikuwa na milia na baba, shina la kutoa unga, ni kijani. Upande wa pili ikawa kinyume chake.

Mwezi wa sita mbegu zikaoteshwa kwenye masanduku ya udongo. Sanduku la mama wa kijani likatoa kijani kitupu. La mama wa milia likatoa miche ya kijani, ya milia, na mingine myeupe kama karatasi. Hiyo myeupe ilisimama kama wiki mbili, chakula cha ndani ya punje kikaisha, ikalala.

"Haiwezekani," alisema Bartolomeo. "Baba na mama wanachangia sawa. Masanduku yalitakiwa kufanana. Mama Matilda, umechanganya mifuko."

"Ningechanganya, Bwana Bartolomeo, mbona sanduku hili la mama wa kijani halina hata mche mmoja wa milia?"

"Unanifundisha kazi?"

"Sikufundishi. Nakuuliza."

Akamhamishia kwenye kupalilia. Akasema msimu ujao atafunga mifuko kwa mkono wake, na masanduku yote mawili yakifanana, Tusajigwe asije tena kuomba kibarua pale.

Nyumbani nako hakupata nafuu. Mume wake Jailos alimwambia, "Muombe radhi, yaishe."

"Radhi ya nini?"

"Ya hayo hayo."

"Hayo yapi, Baba Matilda?"

Jailos akaomba chumvi.

Kilichomuudhi zaidi ni kwamba jambo lenyewe alilijua. Kwao mahindi ya mbegu yananing'inizwa juu ya moto jikoni na maganda yake, na mwanamke aliyeyavuna anakumbuka kila hindi limetoka shina gani. "Hindi la shina lenye milia linazaa milia, wifi," aliniambia. "Hata ulizungushie majirani wa kijani shamba zima. Nilimwambia. Akaniuliza nimesoma hadi darasa la ngapi."

Msimu ukaja. Bartolomeo alifunga mifuko mwenyewe, akaikaza kwa waya, hakutaka mtu asogee. Hata chakula cha mchana alikila amesimama kwenye mahindi. Miche ilipoota mwezi wa saba, masanduku yalikuwa vilevile kama ya mwaka jana.

"Nani amegusa mifuko yangu?"

"Labda panya wamekufuata kutoka Iringa," akasema Rozalia, kibarua mwenzetu, wanawake wakacheka. Tusajigwe hakucheka.

"Ulifunga mwenyewe," alisema. "Na wewe umechanganya?"

Siku mbili hatukumwona Bartolomeo. Ya tatu akaja na daftari lake la chuoni, akatusomea taratibu. Kwamba kijani cha jani kimo ndani ya vichembe vidogo visivyoonekana kwa macho, na vichembe hivyo vina urithi wao wenyewe. Kwenye mahindi, unga wa mbelewele hauvileti. Mtoto anavipata kwa mama. Mama wa milia anavyo vizima na vibovu, na punje iliyopata vibovu vitupu inaota nyeupe.

"Hayo uliandika lini?" akauliza Tusajigwe.

"Nikiwa chuoni."

"Na hukuyasoma?"

"Hayakutoka kwenye mtihani."

Tusajigwe akalifunga lile daftari kwa mkono wake.

"Mwaka mzima, Bwana Bartolomeo. Mwaka mzima naitwa mvurugaji."

"Basi, kesho rudi kwenye mbegu."

"Kesho, wakati wa kuita majina, uwaambie kwanza hawa wote. Pale pale uliposimama siku ile."

Asubuhi tukapanga mstari. Baridi ilikuwa kali, Bartolomeo akaongea ndani ya kola ya koti. "Kuhusu ile mifuko... ilikuwa sawa."

"Mifuko ya nani?" akauliza Tusajigwe.

"Ya Mama Matilda."

"Na aliyekosea?"

Bartolomeo akatazama kalamu zake.

"Mimi."

Tusajigwe akanikabidhi jembe lake la kupalilia, akaingia stoo kupukuchua mbegu.