Kiraka Kilichobaki cha Arvilla

Arvilla Tjaden hakuzoea kuambiwa "punguza". Kule Iowa, kwenye nchi ya mahindi, kila mtu alimjua hivyo tangu shule.

Alishona mfarishi wa viraka kwa desturi ya bibi zake: kitambaa hakirudiwi, na kila kiraka kimeombwa kwa mtu wa mji wake. Majira ya baridi thelathini akiomba! Aproni, magauni ya ubatizo, mashati ya shambani, vyote akavikata vidogo kama stempu. Siku mumewe Harlan alipokubali kutoa mfuko wa ovaroli yake, akafunga hesabu: elfu saba mia tisa na kumi na tisa.

Akaanza kugawa ili apate safu sawa. Kwa mbili, kikabaki kimoja. Kwa tatu, viwili. Kwa saba, kumi na tatu, thelathini na moja, akapanda mpaka themanini na tatu. Wapi! Themanini na tisa haikuwa na haja ya kujaribiwa. Ukiizidisha kwa yenyewe umeshapita.

"Namba tasa hii," akasema, akitua penseli. "Haigawanyiki ila kwa moja na kwa nafsi yake."

"Mmefanana," Harlan akamjibu.

Basi akashona safu sabini na nne za viraka mia na saba. Kile kimoja kilichobaki akakitia ukingoni, kikachomoza kama ulimi.

Kwenye maonyesho ya wilaya jaji alikuwa jirani yake, Delpha Brandsgard, futi ya kupimia shingoni.

"Arvi, shoga yangu, hiki nini?"

"Kiraka."

"Kanuni inataka pande nne zilizonyooka. Ungeongeza viwili tu, ungepata mraba kamili!"

"Viwili vya nani?"

"Si vya dukani tu."

"Dukani hakuna mtu niliyemwomba."

"Basi king'oe hicho kimoja. La sivyo, hautundikwi."

Wanawake waliokuwa wakila pai wakaacha kutafuna. Arvilla hakutaka tuzo. Alitaka mji wake utundikwe ukutani, mzima.

"Haya, natoa," akasema. "Chagua wewe. Aproni hii ya mama yako? Tai ya mchungaji? Au hicho hicho ulichokisema? Vaa miwani kwanza, Delpha."

Delpha akavaa, akainama. Ulikuwa upindo wa gauni lake mwenyewe la arusi. Akasema kwa uchungu, "Mbona mimi ndiye umeniweka nje?"

"Mmoja lazima abaki, ndivyo namba ilivyo. Nikatafuta mwenye kiburi cha kusimama peke yake."

"Mshenzi wewe!" Delpha akacheka mpaka miwani ikamteleza. "Leteni ngazi!"

Utepe wa buluu wa mshindi ulikwenda kwa mwingine. Kwenye kadi Delpha aliandika: Ukingo hauko sawa. Arvilla akaisoma, akaibandika vizuri palepale chini ya mfarishi.

"Ni kweli," aliwaambia waliouliza. "Na hautakuwa sawa kamwe."